Madai ya kundi huvunjikia kwenye orodha

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari. Swali gumu likabaki: mvuvi ni nani? Mwenye mashua? Baharia anayelipwa kwa mgao? Mama anayechokoa pweza maji ya bamvua yakipwa, asiye na leseni wala stakabadhi?

Swali hilohilo ndilo linaloyatesa madai ya kundi katika usuluhishi wa kimataifa wa uwekezaji. Katika shauri la Abaclat dhidi ya Argentina, huko ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro kati ya wawekezaji na serikali, Waitaliano zaidi ya 180,000 walidai hatifungani ambazo Argentina iliacha kuzilipa mwishoni mwa 2001. Wengi walijitoa baadaye, wakabaki kama 60,000. Mwaka 2011 wasuluhishi wawili kati ya watatu waliyapokea madai yao, ingawa mkataba wa ICSID hausemi lolote kuhusu makundi. Msuluhishi wa tatu, Georges Abi-Saab, alipinga. Mimi niko na wale wawili. Mstaafu mwenye hatifungani ya yuro elfu chache hawezi kwenda peke yake mahali ambapo ada ya kufungua shauri tu ilikuwa dola 25,000.

Lakini wingi haumbebi mtu asiye na haki ya kuwemo. Kifungu cha 25 cha mkataba wa ICSID kinataka uraia wa kila mdai uthibitishwe kwa tarehe mbili: siku ya kukubali usuluhishi na siku ya kusajiliwa kwa shauri. Tena tarehe zote mbili asiwe raia wa nchi anayoidai. Hapa Malindi hilo linagusa watu tunaopishana nao sokoni: Mtaliano aliyechukua uraia wa Kenya, ambao tangu Katiba ya 2010 anaweza kuwa nao pamoja na wa kwao, hawezi kuidai Kenya ICSID hata kama pasipoti ya Italia bado iko mfukoni.

Kwa hiyo orodha ya wadai itangulie, kabla wakili hajaandika hoja hata moja. Kila mstari uwe na jina kama lilivyo kwenye pasipoti, uraia kwa tarehe zile mbili, hati ya mali na siku iliyopatikana, kiasi cha hasara, na hati ya uwakilishi yenye sahihi ya mdai mwenyewe. Makosa hayaishi: mume ametia sahihi, mke mwenye nusu ya mali hakuulizwa, mdai amefariki na warithi hawajapata barua za mirathi, nyumba imeandikwa kwa jina la kampuni, naye anadai kama mwenye nyumba wakati alicho nacho ni hisa.

Tena aulizwe anayelipia shauri. Madai ya Abaclat yaliratibiwa na chombo kilichoundwa na benki za Italia, na benki za Italia ndizo zilizowauzia wengi hatifungani hizo. Baraza la wasuluhishi lilikubali mpango huo, lakini likamteua mtaalamu wa kukagua kanzidata ya wadai. Argentina ilipokubali mwaka 2016 kulipa takriban dola bilioni 1.35, hukumu ya mwisho ilikuwa bado haijatoka.