Kabla ya kumwaga zege, angalieni Kidato cha Tano na Sita wanakaa wapi

Kundi letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja limechangamka tangu mmoja wetu apendekeze tuiachie shule kumbukumbu. Kuna wanaotaka ukumbi wenye jukwaa, kuna wanaotaka geti jipya, na kuna waliotuma picha za vimbweta, yaani meza na mabenchi ya zege ya nje, vya vigae vyenye majina ya wafadhili ubavuni. Shule yenyewe sitaitaja. Inatosha kusema iko pembezoni mwa Moshi, upande wa chini, ni ya serikali, ya bweni, mchanganyiko, na ina Kidato cha Tano na cha Sita. Mimi ukumbi siutaki. Na kwa kuwa kundini ujumbe ukizidi mistari mitatu hakuna anayesoma, nimeona niyaandike huku.

Ninachosema ni hiki: hawa vijana tayari wanazo sehemu zao za kusomea na za kupigia soga. Wamezichagua wenyewe bila kamati wala michango. Sisi tuanzie hapohapo, tujue kwa nini wamekaa pale na si kwingine, ndipo tuite fundi.

Nilipita shuleni mwezi wa saba, Kidato cha Tano ndio kwanza wanaripoti, na ile baridi ya Moshi ambayo watu wa Dar hawaamini kwamba ipo. Mwalimu wa taaluma alinipokea vizuri, akanitembeza. Maktaba tuliikuta imefungwa. Ilikuwa jioni na mhudumu ameshaondoka. Tukaenda kwenye vimbweta, vimepangwa safi chini ya mijohoro mbele ya jengo la utawala, na havina mtu hata mmoja. Nikamuuliza, sasa watoto wako wapi? Akacheka, akanipeleka nyuma ya bweni la wasichana, kwenye karo la kufulia.

Pale ndipo palipokuwa na shule. Wasichana wanne wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) walikuwa wamegeuza ndoo kuwa viti, na wa tano amesimama na kipande cha chaki anachora nefroni, kile kichujio kidogo cha ndani ya figo, kwenye ukuta wa karo. Ule ukuta umepigwa niru, yaani saruji iliyolainishwa juu, kwa hiyo ni laini na chaki inashika vizuri. Amechora mirija yote, anaonyesha maji yanarudi wapi kwenye damu na chumvi zinabaki wapi, mwenzake anambishia kuhusu kitanzi cha Henle, sehemu iliyopinda ya ule mrija, yeye anafuta kwa kiganja na kuanza upya. Waliponiona wakasimama.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba. Mbona vimbweta mmevikimbia?"

Wakatazamana kidogo, wakamwangalia na mwalimu. Kisha yule mwenye chaki akajibu, "Kule hakuna ukuta wa kuandikia, anko. Na giza likiingia hakuna taa. Hapa tunapata taa ya bweni."

"Halafu kule huwezi hata kucheka," akadakia mwingine, "ofisi ya second master, makamu mkuu wa shule, iko pale pale." Mwalimu mwenyewe alicheka kuliko sisi wote.

Kwa dakika zile mbili nilipata maelezo ambayo kundini hatujayapata kwa wiki nzima ya kubishana. Wanataka pa kuandikia, wanataka mwanga, na wanataka umbali kidogo na wakubwa. Katika hayo matatu, vimbweta vyetu havina hata moja.

Niliazima futi ya fundi aliyekuwa anarekebisha mlango wa stoo, nikaenda kupima kimbweta. Meza iko sawa, sentimita 75 kutoka chini, na benchi liko sentimita 45, kama inavyotakiwa kwa mtu mzima. Tatizo ni nafasi kati ya ukingo wa benchi na ukingo wa meza: karibu sentimita 20. Kaa hapo na daftari lako uone. Ukiegemea meza, umebaki kwenye ncha ya benchi. Ukikaa ukajaza benchi, mkono haufiki vizuri, unainama hadi mgongo unakuambia. Meza ya kusomea inataka ukingo wa benchi ufike usawa wa ukingo wa meza au uingie chini yake kidogo. Kosa la sentimita 20 kwenye mbao unalirekebisha mchana mmoja. Kwenye zege unalala nalo miaka thelathini. Nina hakika fundi alinakili kutoka shule nyingine, na yule wa shule nyingine alinakili kwa mwenzake.

Tena zege hilo alfajiri ya mwezi wa saba ni barafu, na saa saba mchana ya mwezi wa pili, kivuli cha mjohoro kikishahama, halikaliki. Limewekwa kwa ajili ya watu wanne. Mkiwa saba, watatu wanasimama. Ukiwa peke yako unaona aibu kushika meza nzima, unaondoka.

Ila vimbweta ni kosa dogo. Kubwa zaidi ni kwamba shule zetu nyingi zina aina moja tu ya mahali pa kusomea, nayo ni mahali pa kunyamaza. Prepo, yaani muda wa kujisomea usiku, wote darasani, kiranja mbele, "Kelele!" Kwa mtoto wa kidato cha pili huenda inafaa. Lakini chukua watu wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) wanaojiandaa na swali la historia. Kazi yao kubwa ni kubishana: mmoja ashike upande huu, mwingine ule, hoja ivunjwe na isimame tena. Darasa hilohilo, safu ya nyuma, kuna mtu wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) yuko katikati ya hesabu ya ukurasa mzima, na neno moja likimchanganya anarudi mwanzo. Wote wawili wanasoma kwa bidii, na kila mmoja ni kero kwa mwenzake. Kiranja naye anaandika majina ya wapiga kelele, kumbe anawaandika waliokuwa kwenye diskasheni nzuri kuliko zote usiku ule.

Dawa ya hilo si ukuta katikati ya chumba. Ni umbali. Pa kunyamaza pabaki darasani na maktaba, na pa kuongea pajengwe mbali, hatua nyingi, miti ikiwa katikati. Kwa hiyo ukumbi mmoja mkubwa, hata uwe na vigae vya Italia, utarudisha tatizo lilelile chini ya paa la gharama zaidi.

Kuhusu paa. Mitihani ya Kidato cha Sita huanza mwezi wa tano. Masika ya huku yanashuka kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano. Hesabu mwenyewe: miezi ambayo mtu wa Kidato cha Sita anahitaji mno pa kukaa na wenzake na pasipeipa, yaani mitihani ya miaka iliyopita, ndiyo miezi ambayo kila kilicho wazi kinalowa, na njia ya kuendea ni tope jekundu linalobaki na ndala yako. Kwa hiyo sehemu tunayoitaka iwe na paa, na iwe na njia ya mawe au zege kutoka bwenini. Bila njia, mwezi wa nne hakuna atakayefika huko.

Na paa la bati tupu nalo lina mambo yake. Mvua ya Kilimanjaro ikilipiga mnapiga kelele kama watu wa ng'ambo mbili za mto, mwisho mnaacha. Hapa ndipo namkumbuka Diébédo Francis Kéré, yule msanifu majengo wa Burkina Faso aliyepata tuzo ya Pritzker mwaka 2022, Mwafrika wa kwanza kuipata. Shule ya msingi aliyoijenga kijijini kwao Gando, iliyokamilika mwaka 2001, ina tabaka mbili juu: dari ya matofali ya udongo yenye nafasi za kupitisha hewa, na bati limeinuliwa juu yake kwa nondo zilizochomelewa, halikugusa dari. Joto linapanda, linatoka kwenye ule upenyo, na darasa linabaki na ubaridi bila feni. Yeye alikuwa anapigana na jua kali la kwao. Kwetu mantiki hiyo inafaa kwa jua la mwezi wa pili na kwa kelele za mvua pia, maana kati yako na bati kuna kitu kizito. Nondo na kuchomelea tunavyo; mtaa mzima wa mafundi pale mjini wanatengeneza mageti ya maua kila siku, hili haliwashindi.

Upande wa jua ni rahisi zaidi. Moshi iko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la asubuhi na la jioni ndilo linaloingia ubavuni na kukupiga machoni. Jengo lilale mashariki-magharibi, pande ndefu zitazame kaskazini na kusini ziwe wazi, na zile mbili fupi za mwisho ziwe ukuta mtupu. Ukuta huo upigwe niru ndani, upakwe rangi ya ubao kutoka usawa wa goti hadi mkono unapofika. Sasa mna mbao mbili kubwa kuliko za darasani, na bei yake ni makopo ya rangi.

Nje ya zege la sakafu, mengine yote nataka yahamishike. Mabenchi ya mbao ya watu wawili na meza ndogo za kuunganika, watu saba wajipange saba, mmoja ajitenge na meza yake pembeni. Mbao za mgrivea zimejaa kwenye mashamba ya kahawa huko juu, mafundi wanazijua. Najua mtasema zitaibiwa, zitaishia bwenini. Baadhi zitaishia bwenini, ndiyo. Dada mkuu na kaka mkuu wakikabidhiwa kwa maandishi, zitarudi nyingi. Afadhali benchi linalozurura kuliko kimbweta kisichokaliwa.

Nimeshasema mengi kuhusu kusoma, na ninajua kundini kinachobishaniwa hasa ni hiyo sehemu nyingine, ya kukaa tu. Mwalimu wetu mmoja mstaafu, ambaye bado namwamkia kwa kusimama hata akinipigia simu, aliandika: "Mkiwajengea kijiwe mtapata kijiwe." Wazazi kadhaa wakaweka dole gumba.

Mwalimu, kwa heshima yako yote, kijiwe kipo tayari. Kiko nyuma ya mabweni, gizani. Kidato cha Tano hupangiwa shule kutoka nchi nzima, mtoto anatoka Kigoma au Mtwara na blanketi jepesi, hajui mtu, simu haruhusiwi, nyumbani ni mbali. Ana miaka kumi na minane, kumi na tisa, mwingine ameshapiga kura. Lazima atafute pa kukaa na wenzake waongee mpira, waongee kwao, wacheke. Tukimpa mahali palipo wazi pande mbili, pana taa, na mwalimu wa zamu akipita njiani anaona kila uso, hilo ndilo linalonipa usingizi mimi kama mzazi. Ila pasiwe mbele ya ofisi. Paonekane, pasisikike. Wasichana wa karoni walishatuambia bei ya kukosea hilo.

Na baada ya miaka miwili na ushee hawa watakuwa chuoni, hakuna kengele, hakuna kiranja. Wakianza kupanga jioni yao wenyewe hapa, sasa hivi, wakiwa bado na matroni wa kuwakemea, hasara ni ndogo. Sehemu hiyo haitaki vitu vingi: drafti mbili zilizochorwa juu ya meza, vizibo vya soda vipo, na ubao wa matangazo usio wa ofisi.

Kilichobaki ni taa, na hapa sina jibu kamili. Kusoma kunataka luksi (kipimo cha mwanga) 300 hadi 500 juu ya meza. Taa ya bweni pale karoni haikaribii hata kidogo. Kwa balbu za LED zilizoshushwa chini karibu na meza, badala ya moja kuning'inia darini, tunafika bila shida. Lakini nimekaa kwenye kamati za kutosha kujua kwamba jengo likishakabidhiwa, LUKU, umeme wa kulipia kabla, inageuka yatima: shule inasema ni mradi wa wahitimu, wahitimu wanasema tumeshakabidhi. Kwa hiyo napendekeza sola kwa ajili ya taa tu, bila soketi. Soketi zitaleta pasi na hita za maji kabla ya wiki kuisha. Na fedha ya betri itengwe kuanzia mwanzo, maana betri ndiyo inayokufa kwanza. Kama kuna mwenzetu anafanya kazi ya sola Moshi au Arusha, anitumie makadirio ya taa kumi na mbili kwa saa tano kila usiku, pamoja na bei ya kubadilisha betri. Nikiipata nitaipeleka kundini pamoja na mchoro, na nimeshamwomba mwalimu wa taaluma mchoro huo uanze kupita kwa wale wa karoni kabla haujafika kwetu.