Mazoezi kwa Simu ni Sawa, Lakini Nani Yuko Upande wa Pili?

Pingamizi ninalolisikia sana dhidi ya fiziotherapia ya mtandaoni ni kwamba tiba ya viungo ni tiba ya mikono, kwamba asiyekushika goti hawezi kulitibu. Silikubali. Kwa mwenye maumivu sugu ya goti au kiuno, sehemu kubwa ya nafuu haipatikani kwenye kitanda cha kliniki. Inatokana na mazoezi anayoyafanya mwenyewe nyumbani, wiki baada ya wiki, mpaka misuli ya paja na mgongo ipate nguvu. Na hapo ndipo wengi wanapokwama. Mtu hupewa karatasi yenye michoro, akafanya siku chache, maumivu yakapanda kidogo, akaogopa kwamba anajiumiza, akaacha. Hana wa kumwambia kwamba kuuma kidogo baada ya zoezi mara nyingi si dalili ya madhara.

Pengo hilo simu inaweza kuliziba. Kamera inafuatilia unavyokunja goti, programu inahesabu marudio, na mtaalamu aliye mbali anajua kwamba tangu Jumanne hujafanya kitu, kwa hiyo anapiga kuuliza kulikoni.

Ushahidi upo. Utafiti wa VERITAS wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2020, ulilinganisha mazoezi ya mtandaoni na tiba ya kawaida kwa watu waliobadilishiwa goti. Walioongozwa kwa mtandao hawakubaki nyuma katika kulitumia goti lao, na gharama ilipungua. Mwaka 2024 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Australia kuhusu maumivu sugu ya goti: waliomwona mtaalamu kwa video walipata nafuu isiyopungua ya waliomwendea ana kwa ana.

Lakini katika tafiti zote mbili kulikuwa na mfiziotherapia, binadamu aliyesomea kazi hii, akifuatilia na kurekebisha mazoezi. Ndiyo maana nakerwa na programu zinazouzwa kama tiba kamili ilhali nyuma yake hakuna mtu. Kamera inaona pembe ya goti. Haiulizi kama usiku unaamka kwa maumivu, kama umepungua uzito bila sababu, kama mkojo umeanza kukutoka au sehemu za siri zimekufa ganzi. Mwenye maumivu ya mgongo akiwa na hizo mbili za mwisho anapaswa kuwahishwa hospitali saa hiyohiyo, maana mishipa ya fahamu ya chini ya uti wa mgongo huenda imebanwa, na kuchelewa kunaweza kumwacha na ulemavu wa kudumu. Bega lililoteguka nalo linahitaji mikono. Hilo sibishani nalo.

Mwaka 2020 watu wanaokadiriwa kufikia milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Kliniki peke yake haziwezi kuwahudumia wote, kwa hiyo bima zinapaswa kulipia huduma hii. Ujerumani imeshaanza: tangu 2020 daktari anaweza kumwandikia mgonjwa programu, za mgongo zikiwemo, na bima ya umma ikalipa. Ningependa malipo hayo yafungamane na muda wa mtaalamu. Na wewe unayetaka kujiunga, kabla hujalipa uliza nani atakupima kwanza, ana leseni gani, na maumivu yakizidi utampataje.