Mbona Guns of Brixton haipo?

Asante mwandishi kwa hii listi ya nyimbo kali za panki, ila kuweka London Calling ya The Clash, ile bendi ya Uingereza, halafu ukaiacha Guns of Brixton iliyo kwenye albamu hiyohiyo ya 1979, hapo hapana aisee. Skiliza ile besi inavyoanza, nzito, rege kabisa, gitaa linakuja kukwaruza tu pembeni, na anayeimba ni mpiga besi mwenyewe Paul Simonon, yule anayevunja gitaa lake pale kwenye kava, sauti yake wala haina madoido lakini ndo maana unamuamini, Brixton, mtaa wa kusini mwa London, aliijua toka utotoni. Na wimbo ulitoka kabla ya zile ghasia za mtaani Brixton za 1981! Usikilize kwa hedifoni, spika ya simu inaimeza besi yote.