Mwanaakiolojia apite kabla ya bikoni

Anayenunua kiwanja Kunduchi au Gezaulole, hapa Dar es Salaam, siku hizi huulizia hati, maji, umeme na barabara. Chini ya ardhi kuna nini, haulizi, na muuzaji hana sababu ya kumwambia. Mnunuzi simlaumu. Lawama zangu ni kwa wanaopima viwanja na kupanda bikoni bila kwanza kumwita mwanaakiolojia alikague shamba.

Pwani hii ilikuwa na watu na miji yao kabla Seyyid Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Kunduchi kuna gofu la msikiti na makaburi ya nguzo, mengine yalipambwa kwa sahani za Kichina zilizobandikwa kwenye chokaa. Nyingi zimeshang'olewa, yamebaki matundu ya mviringo. Kigamboni, Gezaulole imekalia mji wa zamani wa Mbuamaji.

Lakini tumezoea kuhesabu mawe tu. Wakazi wengi wa miji ile walilala kwenye nyumba za miti na udongo, na nyumba ya namna hiyo ikianguka haiachi gofu. Huacha vigae vya vyungu, makombe ya pwani, mifupa ya samaki, mavi ya chuma (masalia ya kuyeyusha chuma), pengine shanga mbili tatu. Kule kwenye magofu ya mji wa Shanga, kisiwani Pate nchini Kenya, timu ya mwanaakiolojia Mark Horton ilichimba chini ya msikiti wa mawe katika miaka ya 1980 ikakuta misikiti mingine iliyotangulia, ya mwanzo ikiwa ya miti, ya karne ya 8. Alama ya nguzo zake ni madoa ya mviringo kwenye udongo, yamepishana rangi kidogo na udongo wa pembeni. Fundi mwenye sururu hawezi kuyaona, na katapila ndiyo usiseme.

Basi uzio tunauzungushia msikiti na makaburi, na mji wenyewe unabaki nje ya uzio, unauzwa kwa mita za mraba.

Sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863, na anayevikuta anatakiwa kutoa taarifa. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mjenzi: kakopa, mafundi anawalipa kwa siku, mvua zinakuja. Kwenye shimo la karo kinatoka kigae chenye nakshi za pembetatu, vile vyungu vilivyotumika pwani nzima zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Akitoa taarifa, anahofia ujenzi utasimama. Akinyamaza, kigae kinaishia kwenye kifusi cha kujazia sakafu. Mimi mwenyewe mpenda magofu, sina hakika ningefanya lipi.

Uingereza, tangu 1990, sera ya mipango miji imemtwisha mwendelezaji gharama za uchimbaji, na kazi hiyo hufanyika kabla ya tofali la kwanza. Hapa kwetu tathmini ya athari kwa mazingira inaigusa miradi mikubwa. Anayejenga chumba na sebule haimhusu, na jiji hili la watu zaidi ya milioni 5 kwa sehemu kubwa limejengwa na watu kama yeye. Ndiyo maana nasema kazi ifanyike wakati wa kupima. Mradi wa kupima viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulifika hadi Gezaulole. Katika mradi wa aina ile, mashimo machache ya majaribio yangeingizwa kwenye bei ya kiwanja na mnunuzi asingehisi uzito wake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia, na wanafunzi wanahitaji mahali pa kufanyia mazoezi.

Itakapoonekana mji umelala vizuri chini, hapo pachorwe eneo la wazi kwenye ramani. Maeneo ya wazi tunayahitaji hata hivyo, ilimradi nayo yasiuzwe.