Baridi ya Uyole na jua lisilohisiwa

Kipupwe kikiingia Mbeya, asubuhi utawakuta watu wa Uyole wamejikunyata kwenye makoti, wakiota jua. Taja saratani ya ngozi hapo uone. Mmoja atasema huo ni ugonjwa wa Wazungu. Mwingine, aliyesoma kwenye simu, atasisitiza kila mtu apake losheni ya kukinga jua kila siku. Naona kila mmoja ameshika nusu.

Joto si kipimo cha mionzi ya urujuanimno (UV), ile ya jua isiyoonekana inayochangia saratani ya ngozi. Mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi. Uwanda wa Kitulo ni juu zaidi. Baridi haiizuii, inakufanya tu usijue kwamba unaungua. Ikipenya kwenye seli za ngozi huharibu DNA, yaani maelekezo yanayoiongoza seli. Mwili hukarabati sehemu kubwa ya uharibifu huo, ila makosa yanayosalia hulimbikizana kwa miaka. Yakiipata jeni kama p53, ambayo huzuia seli mbovu isiendelee kugawanyika, seli hiyo huzaliana bila breki. Ndiyo maana jua la siku moja si hoja. Hoja ni la miaka ishirini shambani.

Anayesema ni ugonjwa wa Wazungu hajakosea kabisa. Melanini nyingi, yaani rangi ya asili ya ngozi, huzuia sehemu kubwa ya mionzi, na sioni sababu ya mkulima mweusi wa viazi kule Makete kutumia hela ya mbolea kununua losheni. Tena melanoma, aina hatari ya saratani ya ngozi, kwa watu weusi mara nyingi huanzia kwenye nyayo, viganja au chini ya kucha, ambako jua si chanzo. Ndiyo iliyomuua Bob Marley mwaka 1981, ikianzia kidoleni mguuni. Kwetu, doa jeusi linalokua wayoni, au kidonda kisichopona juu ya kovu la moto, ndivyo vya kuwahisha hospitali.

Lakini kauli hiyohiyo inamsahau mwenye ualbino. Kinga hiyo ya melanini hana, na saratani huweza kumwanza akiwa kijana bado, usoni, masikioni na shingoni. Kumpa kepu aende kupalilia ni kumwachia masikio na shingo wazi. Anahitaji kofia pana, mikono mirefu, na losheni. Kule Moshi hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili yao. Hao ndio wa kufikishiwa kwanza, hadi vijijini, kabla ya sisi tunaobishana mjini.

Na anayejichubua kwa mkorogo? Huyo anaibandua mwenyewe kinga anayojivunia.