Picha ya Fomu 34A Haikutosha

Usiku wa tarehe 9 Agosti 2022 nilikaa na simu mkononi nikifungua tovuti ya IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya. Nikachagua kaunti, eneo bunge, wadi, kisha kituo nilichopigia kura asubuhi. Ikatokea picha ya Fomu 34A, karatasi ya matokeo ya urais ya kituo hicho. Hesabu zimeandikwa kwa kalamu, tarakimu moja imekatwa ikaandikwa upya kando yake, chini kuna saini za mawakala na ya msimamizi wa kituo, na muhuri umekaa upande. Karatasi hiyohiyo nilikuwa nimeiona jioni ikibandikwa mlangoni mwa darasa, nikanakili hesabu zake. Nikalinganisha. Zililingana.

Sijawahi kuhisi niko karibu na serikali yangu kama usiku ule.

Mashine tulikuwa nazo hata 2017. Vifaa vya KIEMS, mashine za kielektroniki za kutambua wapiga kura na kutuma matokeo, vilisoma alama za vidole, na takwimu zikamiminika kwenye runinga usiku kucha. Kilichokosekana ni karatasi zilizozaa takwimu zile. Mshindi alitangazwa tarehe 11 Agosti huku maelfu ya Fomu 34A yakiwa bado hayajaonekana. Mahakama ya Juu iliamuru sava, yaani kompyuta za tume zinazohifadhi matokeo, zifunguliwe ili zikaguliwe, tume haikutii ipasavyo, na tarehe 1 Septemba majaji wanne dhidi ya wawili wakaubatilisha uchaguzi wa urais. Tangu hapo “fungua sava” ikawa kauli ya vijiweni, hata kwa watu wasiojua sava ni kitu gani. Walikuwa na haki ya kuisema. Ukinionyesha jumla ukanificha hesabu, utaniambiaje nikuamini?

Mwaka 2022 tume iliweka picha za fomu kutoka vituo zaidi ya 46,000, na yeyote mwenye bando aliweza kujumlisha mwenyewe. Makamishna wanne walipoyakana matokeo tarehe 15 Agosti, nchi ilishtuka, lakini karatasi zilikuwa tayari mikononi mwa watu. Kesi ilipofika mahakamani, fomu za kwenye tovuti zililinganishwa na nakala halisi na hakuna tofauti ya maana iliyopatikana. Dkt. Ruto alithibitishwa kuwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Bw. Odinga. Wengi hawakuridhika, na sidai kila swali lilijibiwa. Ila safari hii mtu angeweza kuutaja mlango wa darasa na namba ya kituo, badala ya kubahatisha kilichomo ndani ya sava.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Tovuti ile ilikuwa ya urais tu. Siku hiyohiyo, ndani ya darasa lilelile, tulipiga kura sita, moja kwa kila nafasi. Tangu ugatuzi, yaani mfumo wa serikali za kaunti, uanze 2013, zahanati ninayompeleka mama iko chini ya gavana, na chekechea ya mtaani ni ya kaunti. Bajeti ya vyote hivyo hupitishwa na wawakilishi wadi. Huko ndiko huduma zetu za kila siku zinakoamuliwa, na huko ndiko tulikoachwa gizani. Fomu 37A ya gavana na 36A ya mwakilishi wadi hazikuwekwa popote nilipoweza kuziona kwa simu.

Wapo watakaosema mtandao ni dhaifu na makarani wamechoka usiku ule. Kweli wamechoka, nimewaona wakisinzia juu ya masanduku. Basi picha zipigwe palepale na zitumwe hata kesho yake. Kifaa ni kilekile, karani ni yuleyule. Wabunge waiguse sheria kabla ya Agosti 2027, maana fomu zao wenyewe, 35A, nazo zimo katika giza hilo.

Asubuhi iliyofuata nilirudi pale shuleni kuitafuta Fomu 36A ya wadi yetu. Ilikuwa imebaki pembe moja tu, imeshikiliwa na kipande cha selotepu, na upande wenye hesabu umechanika.