Parseli Moja, Wenyewe Wawili

Hapa Goma ardhi ikitikisika usiku, asubuhi ni ubishi: huyu anasema ilikuwa saa saba, yule anaapa ilikuwa saa tisa. Tangu Nyiragongo ilipuke Mei 2021, kila mtaa una wataalamu wake. Nikasema nimechoka. Nikanunua Raspberry Pi 4, kadi ndogo ambayo ni kompyuta nzima, na kihisi cha mtikisiko, MPU-6050, ubishi uishe.

Kumbe kadi yenyewe haina saa yenye betri! Umeme ukikatika (huku nani anauliza kama utakatika?), inaamka ikidhani bado ni muda ule ilipozimika. Haya, toa tena dola, nunua saa, DS3231. Vyote vinapita I2C, njia ya vifaa kuongea na kompyuta kwa nyaya mbili tu, SDA na SCL. Rahisi, walisema.

Lakini I2C inakuja imefungwa. Kuifungua unaandika dtparam=i2c_arm=on ndani ya /boot/config.txt. Naenda, nakuta tangazo: faili limehamia /boot/firmware. Yaani Goma hata mafaili yanahama!

Nikaandika, nikazima, nikawasha, nikapiga i2cdetect -y 1, amri ya kuonyesha anwani za vifaa vilivyo kwenye njia hiyo. Vifaa viwili, naona anwani moja tu, 68. Ndugu zangu, njia hii ina anwani 112 za kutumia. Mia moja na kumi na mbili! Wa saa wakachagua 68, wa kihisi nao 68, kama parseli, kiwanja kimoja, iliyouzwa kwa watu wawili. Na humu kwenye nyaya hakuna chifu wa mtaa wa kumshitakia.

Saa haihami, anwani yake imekazwa kiwandani. Anayebembelezwa ni kihisi: mguu wake (pini) wa AD0 ukiupa volti 3.3, kinakubali kuhamia 69. Kijana wa Birere aliyeniuzia ananiambia, "Papa, hata 5 ni sawa." Sawa kwake, maana kihisi changu kikiungua atauza kingine!

Nikaongeza dtoverlay=i2c-rtc,ds3231, mstari wa kuitambulisha saa, nikawasha tena. 69 ipo, na pale 68 imeandikwa UU. Moyo paa! Kumbe ni Linux, mfumo unaoendesha Pi, inasema dereva wake (programu ya kuendesha kifaa) ameshaikamata saa, wengine wasiguse. Si ungesema tu?

Sasa inarekodi. Inarekodi lori la mchanga, inarekodi chukudu (kile kibaiskeli cha mbao cha mizigo) la viazi likigonga mawe ya volkano. Jana Mama Furaha akainamia mchoro:

"Baba Furaha, huu mlima wa saa nane usiku ni tetemeko?"

"Hapana, huyo ni shemeji yako anaruka ukuta."

Mdogo wangu hanisalimii tena.